Vidonge vya Zamu

Mama yangu alianika dagaa mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, karibu maisha yangu yote. Kazi ile ni ya kuinama tangu jua linapotoka: kumwaga, kutandaza, kugeuza. Yeye na wenzake wote waliumwa magoti na viuno, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukaa nyumbani. Wanawake wengine hucheza mchezo wa fedha. Wao walicheza wa diklofenaki, dawa ya maumivu. Kila wiki mmoja, kwa zamu, alikwenda duka la dawa kununua vidonge vya wote, na asubuhi kila mtu alishushia chake kwa chai ya rangi. Asiyekuwepo aliwekewa, kama anavyowekewa chakula. Ulikuwa upendo mtupu, na ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haina pa kwenda.

Miaka ikapita, mama akaanza kuvimba miguu na uso. Hospitali wakasema figo zimechoka sana. Daktari alipomuuliza kama anatumia dawa za maumivu, mama alijibu kwa fahari kwamba hajawahi kukosa. Tukaambiwa kisiingie tena kidonge hata kimoja mdomoni, la sivyo tutampoteza.

Siku ya kumwekea shingoni mpira wa kusafishia damu, walimchoma ganzi kwanza. Mama akajigusa shingo, akamwambia daktari kwa mshangao:

"Mwanangu, hii mbona nzuri! Nichome na magotini."

Daktari akacheka. Mama hakuwa anatania.

Nyumbani Mabatini magoti yalimtesa vibaya. Parasetamoli aliyoruhusiwa aliiita maji. Alikuwa akiuma upindo wa khanga ili nisimsikie, nami nilimsikia.

Jumapili moja alasiri wenzake wakaja kumwona, na sukari, na dagaa waliochaguliwa vizuri. Mkubwa wao akafungua fundo la khanga yake.

"Dada, hivi vya zamu zako. Tumekutunzia vyote."

Niliwapenda wale mama, lakini saa ile ningewafukuza kwa ufagio. Nilivichukua kabla mama hajanyoosha mkono, nikawaeleza alichosema daktari. Yule mkubwa akaanza kulia.

"Kwa hiyo ni sisi?"

"Nyie mlinibeba," mama akasema. "Bila nyie watoto wangu wangekula nini?"

Walipoaga, mama akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Kwake, kuacha mgeni aende bila kusindikizwa ilikuwa aibu asiyoiweza.

"Nipe kimoja tu, niweze kusimama."

"Hapana, mama."

"Basi nishike."

Akasimama. Tulikwenda nao mpaka kwenye duka la kona, akiwatania na kucheka nao, huku kucha zake zikizama mkononi mwangu. Walipopotea machoni, akakaa palepale vumbini, akalia kama mtoto, mbele ya watu. Akaniomba tena. Vidonge vilikuwa mfukoni mwangu, nikivisikia vikigusana. Nikakataa tena, nikambeba mgongoni mpaka ndani.

Hakutembea tena. Walewale wanawake ndio walionisaidia kumwosha alipofariki, na hakuna aliyeniuliza kitu kuhusu vile vidonge. Daktari aliniambia nilifanya sawasawa, na ninamwamini. Nilimnyima mama yangu kidonge ili aishi, akafa na maumivu yake yote.