Penalti Mara Elfu Kumi

Watu husema yaliyopita si ndwele. Ya kwetu ni ndwele, tena ya kitandani.

Mume wangu alikuwa kipa, uwanjani wakimwita Paka. Kwenye penalti ya mwisho ya fainali aliruka kulia, mpira ukapita katikati, yeye akagonga nguzo ya goli kwa uti wa mgongo. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayembeba kumpeleka chooni.

Jana mwanetu, aliyesomea takwimu, kaja na kompyuta, meno yote nje.

"Baba, nimeirudia ile penalti yako mara elfu kumi! Kila mara kompyuta inabahatisha upande wa mpira, kwa kufuata yule mshambuliaji alivyozoea kupiga. Halafu nahesabu umedaka mara ngapi."

Paka akajiinua kwa viwiko, macho yanang'aa kama ya bwana harusi. "Enhe, mwanangu?"

"Ukiruka kulia, unadaka mara mia tisa. Kushoto, vivyo hivyo. Ukisimama tu katikati, elfu tatu."

"Kipa hasimami!" akafoka. "Ukisimama ukafungwa, uwanja mzima utasema umelala."

"Kwa hiyo uliruka kwa kuogopa maneno ya watu?"

Paka akanigeukia mimi nimtetee. Mimi, niliyevunjika kiuno kwa kumgeuza miaka yote hii, kumbe kwa ajili ya maneno ya watu!

Nikamwekea mto sawa katikati ya kitanda.

"Haya, Paka, tulia hapo hapo katikati. Sasa ndiyo umekuwa kipa."