Siku Tuliyopeleka Doluka Klabu ya Wahindi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa nacheka peke yangu hapa Namakwekwe, mjini Mbale, majirani wakadhani nimepata mgeni.

Nilikuwa msichana wa Nalufenya, kule Jinja. Sisi ni Wanubi, kama unavyojua. Wazee wetu waliletwa na jeshi kutoka Sudani, nasi tukabaki na lugha yao, mapishi yao na ngoma yao ya harusi, doluka. Kila mwaka mji ulikuwa na sherehe, na kila jamii ilikuwa na klabu yake. Wasoga, wenyeji wa pale, walitangulia na tarumbeta zao za vibuyu. Wahindi, ambao walikuwa wameanza kurudi mjini miaka mingi baada ya kufukuzwa nchini, walipamba lori kwa maua. Sisi tulikuja nyuma na klabu yetu ya kina mama, tumejifunga nguo zetu za rangi. Barabarani tulikuwa kitu kimoja, watu wakitushangilia wote. Tukifika mwisho wa barabara kuu tulitawanyika, kila klabu ikaenda kula kwenye ukumbi wake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulizaliwa tukakuta hivyo.

Kiongozi wetu alikuwa Haboba Mariamu. Haboba kwetu ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa mtaa mzima, mfupi, mcheshi, mtu wa kukusikiliza mpaka umalize ndipo aseme lake.

Mwaka ule rafiki yangu Nangobi aliomba kutupigia ngoma. Alikuwa Msoga, mama yake akiuza samaki wa Masese, lakini alikulia uani kwetu, na hakuna Mnubi wa rika letu aliyemfikia kwa mkono wa ngoma. Kina mama wakakataa.

"Simchukii huyu mtoto," alisema Mama Hawa, mtunza nguo za klabu. "Lakini sisi ni wachache. Tukigawa na doluka, tutabaki na nini?"

Usimcheke, mwanangu. Watu wachache wana sababu ya kuogopa.

Haboba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hawa, mwaka jana binti yako alifukuzwa langoni kwa Wahindi, naye alikuwa anaomba maji tu. Ulilia hapa hapa. Ulisema watu wale hawana utu. Sasa mtoto wa mwenzako amesimama mlangoni kwetu."

Mama Hawa aliinuka. Halafu akaingia ndani, akatoka na nguo mpya, akamfunga Nangobi kwa mikono yake mwenyewe.

"Vizuri," akasema Haboba. "Sasa tunaweza kubisha hodi kwa watu. Mwaka huu hatuli peke yetu. Pikeni gurusa nyingi," maana yake ile mikate yetu laini, "na mchuzi uwe wa mboga tupu. Wahindi wengi hawali nyama."

Tulidhani anatania. Siku ya sherehe ilipofika, wenzetu walipotawanyika, yeye akakata kushoto kuelekea klabu ya Wahindi, nasi nyuma yake na vikapu vichwani.

Askari wa langoni, kijana wa kaskazini, alituzuia. "Mama, hapa nyinyi hapana ingia. Hii ya wanachama."

"Afande, hatujaja kuingia," Haboba alimjibu. "Tumekuja kusalimia." Akatuambia tuweke vikapu chini, kisha akamwashiria Nangobi.

Nangobi akapiga. Tukacheza pale barabarani, kwanza kwa woga, baadaye miguu ikasahau. Wahindi walijaa barazani. Mwenyekiti wa klabu, mtu wa suti, alikuwa anampungia mkono askari atuondoe, na hapo ndipo mama yake mzazi, mkongwe wa sari nyeupe, alipomsogeza kando kwa mkongojo wake akaja mpaka langoni. Aliitwa Mama Savita. Alizungumza Kiswahili kizuri cha zamani.

"Nilizaliwa mtaa wa nyuma," alituambia. "Nilipokuwa mtoto nilisikia ngoma hii kila harusi. Nilisimama dirishani. Nyinyi hamkunialika, na sisi hatukuwaalika." Akamgeukia askari. "Fungua."

"Mama, kuna kanuni," akasema mwanawe.

"Basi kaa na kanuni. Mimi nitakula nje."

Akapita kijilango cha pembeni, akaketi chini katikati yetu, sari yake vumbini, akamega gurusa akachovya kwenye mchuzi. Mwenyekiti alisimama pale akimtazama. Mtu gani atamwacha mama yake akila barabarani? Alikuja akalifungua lango yeye mwenyewe, pande zote mbili.

Sijui nikusimulie vipi jioni ile. Wahindi walileta vijiti vyao vya kuchezea, na Nangobi akavitafutia mdundo mpaka vikaingia ndani ya doluka. Mama Hawa alicheza na mke wa mwenyekiti, kila mmoja akikosea hatua za mwenzake. Askari alipewa sahani. Wasoga waliposikia, wakaja na tarumbeta zao.

Sitakudanganya kwamba yote yalikwisha siku ile. Wako Wahindi waliohama klabu kwa hasira, na wako mama zetu wawili watatu waliotususa. Kanuni ya uanachama ilichukua miaka kubadilika. Lakini kuanzia hapo chakula cha sherehe kililiwa ua mmoja. Na doluka haikupotea. Wajukuu wa Mama Hawa wamefundishwa na Nangobi.

Sasa nasikia vijana wa hapa Mbale mnaandaa kikundi cha sherehe ya mji, na kwamba mmemkataa mwenzenu kwa sababu jina lake si la kwenu. Sikwambii uache mila. Vaa nguo za watu wako, piga ngoma zao, na ukiulizwa wewe ni nani, jibu bila kuona haya. Ila usiifanye ngoma kuwa ukuta. Anayeipenda kwa moyo mfundishe, kwa kuwa mila hufa kwa kukosa wa kuicheza. Na mkifungiwa mahali, kabla hujalalamika, tazama kwanza nyinyi mmemfungia nani. Kesho mwendee huyo kijana, mwambie mazoezi ni saa ngapi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe miguu isiyochoka, nyumba isiyokosa wageni, na uzee wenye mambo ya kuchekea.