Muziki wa Wafalme wa Vietinamu kwenye Kadi ya Marehemu

Mume wangu alikuwa na kibanda sokoni Kasongo, cha kuchaji simu na kujaza miziki kwenye kadi za simu. Wateja walitaka rumba na kasida. Yeye, safari moja alipokwenda Kindu, akapakua mtandaoni kitu ambacho hakuna aliyekiomba: muziki wa ikulu ya wafalme wa Vietinamu, zumari, ngoma na kengele za mawe. Watu walimcheka, nami nikawasaidia kucheka.

Hakukoma. Kwenye kadi aliyoutia muziki huo alijirekodi akiueleza, maana alipenda kufundisha hata asipoulizwa. Alisema wafalme wale waliuchukua kwa Wachina, vyombo, hata jina lake, kisha wakaugeuza mpaka ukawa wao.

"Ni kama kanzu yetu. Ilitoka pwani, lakini leo nani atasema haiko ya Kasongo?"

Nilimsikia huku napepeta mchele.

Alikufa kwa homa ya siku tatu. Nikakaa eda. Wanawake walilia, mimi sikulia. Wakwe walinitazama sana na sikuwalaumu. Sikuwa na huzuni wala hasira, nilikuwa mtupu tu.

Ilipokaribia hitima ya arobaini, shemeji yangu alikuja mlangoni na ile kadi. Alitaka kuijaza kasida, na nafasi ilikuwa imekwisha.

"Shemeji, mu hii karte iko kitu ya maana?"

Nilijua sauti ya mume wangu imo humo, na haimo pengine popote. Lakini mjane aliye edani atasemaje mbele ya wakwe kwamba anataka zumari na ngoma zake ziachwe? Tayari walinihesabia machozi.

"Hapana. Iko miziki ya Wachina tu."

Akafuta. Siku ya hitima kasida zilitoka safi, wali ukatosha, watu wakasifu.

Walipoondoka, mama mkwe alikuja kukaa nami mkekani.

"Binti yangu, mutoto yangu alikuwa anasema ndani ya ule muziki wake. Unipigie kidogo, nisikie sauti yake."

Nilimwambia imefutwa, na kwamba mimi ndiye niliyeruhusu. Alinishika mkono.

"Basi unisemee wewe. Alikuwa anamaliza namna gani?"

Nilianza na ile kanzu yetu, nikaishia hapo. Sikuwahi kumsikiliza mpaka mwisho, hata siku moja.