Kadi Yangu Kwenye Benchi

Mwaka ule wa Korona, kwenye zahanati ya mtaani kwetu Kirumba, benchi lilikaliwa na kadi zetu. Unapanga yako kwenye foleni, unaibana kwa kijiwe, unasimama uani mbali na wenzako.

Wanawake wazoefu walizilaza kifudifudi. Mimi sikuliona hilo. Nilihangaika kunyoosha yangu ilingane na ukingo wa benchi, maana kitu kilichopinda huninyima raha. Nikaiacha imetazama juu: jina langu, na chini yake, sindano ya uzazi wa mpango.

Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji miezi saba nyuma. Nesi alinionya nisishike mimba nyingine haraka, kovu lisije likafumuka. Mume wangu akasema manesi wanapenda kutisha watu. Basi nikachoma kwa siri. Aliyenipeleka ni wifi yangu, dada yake, aliyekuwa akichoma hiyohiyo. Kadi yake nilimtunzia kwenye pochi yangu, kwa sababu mama yake alizoea kupekua begi lake.

Jirani aliisoma pale benchini, akapeleka habari nyumbani. Jioni, nilipomwamkia mama mkwe shikamoo, hakuitikia.

"Unafunga kizazi cha mwanangu?"

Mume wangu alikuwa amekaa hapohapo. Nikamtazama wifi, anisaidie hata kwa neno moja. Alikuwa anachambua dagaa.

"Mimi nilimkataza, mama," akasema. "Hasikii huyu. Anajifanya msomi, kumbe vitabu vyenyewe anaokoteza."

Pochi ilikuwa mapajani mwangu. Ningeifungua tu. Sikuifungua, na nisijisifu kwamba ni wema: nilikuwa bado nasubiri acheke, aseme alikuwa anatania.

Mume wangu aliidai kadi yangu, nikaitoa kifuani, akaichana vipande vinne. "Ukikanyaga pale tena, usirudi hapa."

Nilimrudishia wifi kadi yake nyuma ya jiko.

"Asante, wifi," akaninong'oneza. "Ungesema wangenifukuza."

"Na mimi je?"

"Wewe umeolewa. Utasamehewa."

Tarehe ya kurudi ilikuwa Jumanne. Niliijua kwa kichwa. Nilishika kovu langu chini ya kitenge, nikaogopa, nikabaki. Wifi alijiandaa kwenda peke yake. Mlangoni aliniuliza kama barakoa yake imekaa sawa.

Ilikuwa imepinda. Nikainyoosha.