Kabari za Yadi ya Mkiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa yadi ya malori pale Singida mjini hakunionyesha ofisi wala kiti. Alinikabidhi vipande viwili vya mpira mgumu vyenye umbo la pembetatu, akaniambia nivibebe nimfuate. Hizo ndizo kabari, zinazowekwa kwenye tairi ili gari lililoegeshwa lisiserereke. Mimi nilidhani nimeajiriwa kuandika majina getini, nikaja na viatu vya kisigino. Alivitazama, akacheka mpaka akashika kiuno, nami nikacheka naye.

Alikuwa mpole wa maneno, mkali wa kazi. Alinifundisha kwamba lori la mafuta si lori la magunia. Mafuta hucheza ndani ya tanki, na yanaposhushwa gari huinuka kwenye springi zake, linaweza kusogea. Dereva avute kwanza breki ya maegesho na kuzima injini, ndipo kabari zibanwe, moja mbele na moja nyuma ya tairi la nyuma. Jiwe hapana, hubingirika. Chuma hapana, kikigonga hutoa cheche.

“Ukiweka, kaa ubavuni,” aliniambia. “Usisimame kule gari linakoweza kuelekea.”

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Manyoni, kisha Mkiwa, safari hii nikiwa msimamizi mwenyewe. Yadi ya Mkiwa ina mteremko kidogo, na nje ya uzio, upande wa chini, akinamama waliuza chakula. Mchana mmoja aliingia na lori la mafuta dereva mtu mzima, aliyeanza kuendesha kabla sijaajiriwa. Nilipomwomba aweke kabari, alisema gari lake analijua na anakwenda kula dakika kumi tu. Nikamwambia kwamba hata kwa dakika moja kabari zinawekwa. Akazibana huku ananung’unika, akaenda zake.

Hajamaliza tonge la tatu, tulisikia mlio wa chuma chini ya lori. Springi inayoshikilia breki ya maegesho ilikuwa imekatika. Lori zima na tanki lake lililojaa likasogea kama shubiri moja, tairi likaegemea kabari, likasimama. Nilipuliza filimbi, akinamama wakazima moto na watu wote wakapisha. Nilisimama ubavuni mpaka fundi wa yadi alipoongeza kabari na kusema gari limetulia.

Dereva alikuja mbio, mkono bado una ugali. Alilitazama tairi, akawatazama akinamama, akanigeukia.

“Shikamoo, mama,” akasema.

“Mimi ni mdogo kwako,” nikamjibu.

“Najua. Pokea tu.”

Nikaitikia marahaba. Akinamama wakaangua kicheko na kupiga vigelegele, na mmoja akampakulia dereva sahani nyingine ya bure, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imemwagika.

Sasa nimestaafu, nalima alizeti Sepuka. Vijana wanaoajiriwa yadi huniuliza kama kazi ile haikunichosha, maana kila siku ni kuweka na kutoa, kuweka na kutoa. Nawaambia ilinifurahisha sana. Nililipwa ili pasitokee kitu, na kwa miaka yangu yote hakikutokea. Watu walikula chakula kikiwa cha moto, wakanawa, wakarudi makwao, na wengi wao hawakujua hata jina langu.