Kaka Yangu kwenye Banda la Ndama

Tuliposikia kwamba ugonjwa wa virusi unaotoa watu damu umefika mkoa wa jirani, baba alisema hizo ni habari za redio tu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, kijijini nje kidogo ya Segese, na shahada isiyo na kazi, na redio siiamini pia. Nikampigia rafiki niliyesoma naye, sasa ni tabibu. Nilipokata simu nikaanza kumwogopa kaka yangu.

Kaka anachimba dhahabu Geita. Huko watu wametoka kila pembe ya nchi, wanalala wengi chumba kimoja, wanashuka duarani, shimo la machimbo, kwa kamba ileile. Na akiugua anakuja nyumbani. Kwetu mtu haugulii kwa wageni.

Nikanunua ndoo ya koki, sabuni, jiki, glavu na barakoa. Mama alinawa ili kuniridhisha, baba hakunawa. Nilimweleza virusi vinavyopita kwenye jasho na matapishi, yeye akaendelea kusokota kamba. Mwishowe nikamuuliza, "Baba, ukinunua ng'ombe mnadani, unamwingiza zizini siku hiyohiyo?"

"Mimi mjinga?"

"Unamweka wapi?"

Akaacha kusokota. Anamweka peke yake kwenye banda la ndama, anamtazama pua na kinyesi, akiridhika ndipo anamchanganya na wenzake. Siku ile alinawa hadi viwiko, akawaambia majirani kwamba msomi wake hatimaye amesema jambo la maana.

Kaka alishuka kwenye bodaboda adhuhuri moja, macho mekundu, anatetemeka juani. Mama alikuwa ameshanyoosha mikono. Baba akamkingia njia kwa fimbo.

"Usimguse! Na wewe, nenda bandani."

"Shikamoo baba," kaka alisema.

Baba hakuitikia. "Bandani, nimesema."

"Banda lipi?"

"La ndama."

Kaka akanitazama, akajaribu kucheka. "Dogo, hii ndiyo elimu yako?"

Ng'ombe aliyetengwa hurushiwa majani juu ya ua, basi. Baba alisukuma dumu la maji kwa fimbo hadi mlangoni mwa banda, akaweka kigoda katikati, akakaa kumzuia mama. Hakuwa na ubaya. Mama ana kisukari, kidonda kidogo tu humlaza. Lakini alikuwa akizunguka na bakuli la uji, "Ng'wanawane, ng'wanawane," mwanangu, mwanangu, huku mwanawe akitapika peke yake palipojaa mkojo wa ndama. Nilikuwa nimeandaa kila kitu isipokuwa mtu wa kumuuguza.

"Nipe mimi huo uji," nikamwambia.

"Si wewe uliyesema asiguswe?" mama akasema.

"Sikusema aachwe."

"Na ukifa?" baba aliuliza.

Nilivaa glavu na barakoa, nikapiga simu kituo cha afya, nikaingia.

Wahudumu walikuja wamejifunika mwili mzima, majirani wakitazama kutoka mbali. Wakamchukua, nami wakaniambia nisichanganyike na watu hadi majibu yatoke. Ilikuwa malaria. Majirani walicheka sana. Baba akasema kinga ni kinga, na mpaka leo siwezi kusema alikosea kumzuia mama. Nimejaribu.

Kaka alipopona alipita kuchukua begi lake, akampa mama kitenge, akaondoka bila kukaa. Tangu hapo hajaja. Nikimpigia anajibu "Mzima, mzima" kabla sijauliza.

Juzi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala mchana kweupe.

"Uko wapi?"

"Kazini."

Nikasikia kikohozi kimezibwa kwa mkono. Nikamwambia njoo, chumba cha uani tumekiandaa, kina kitanda na dirisha, nitakuuguza mimi, baba amekubali. Baba hata sikuwa nimemuuliza.

"Mzima, dogo. Wasalimie." Akakata.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Anasemaje?"

"Anasema mzima."

"Umeamini?"

Akaingia ndani, akatoka na khanga mbili na dawa zake kwenye mfuko.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Geita," alisema. "Yeye haji tena hapa. Mnataka augulie kwa nani?"