Nilivyomuunga kanga wa mama kwa lami ya mabati, na mashudu ya alizeti yalivyoniokoa

Wakuu, nawasalimu wote. Hii ni yangu mwenyewe na sitatia chumvi, maana hata bila chumvi inaniaibisha vya kutosha.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa. Kwetu Iguguno maduka yakaanza kujaa vitu, na mashine ndogo za kukamua alizeti zikawa zinaunguruma kando ya barabara.

Mama alikuwa na kanga wa udongo (ndege, siyo vazi) kwenye bustani ya maua mbele ya nyumba. Bibi, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi, na huyo kanga alimfinyanga mwaka wake wa mwisho. Vyungu vyake vyote vilishavunjikia jikoni. Kanga ndiye pekee aliyebaki kutoka mikononi mwa bibi.

Nami nikamgonga na baiskeli. Shingo kwisha.

Mama alikuwa shamba, nikaona nimalize kesi kabla hajarudi.

Sasa wakuu, enzi hizo kwetu kitu kikivuja au kikipasuka dawa ilikuwa moja tu, lami ya kuzibia mabati. Ndoo, lami. Pipa, lami. Gundi za madukani tulikuwa bado hatuziamini. Nikayeyusha lami kwenye kopo, nikampaka shingo nzima bila huruma, nikabandika kichwa.

Siku za mwanzo alisimama vizuri tu. Jua lilipokolea, lami ikalainika na kichwa kikalala kifuani.

Majirani wakipita: "Ndege wenu leo kaamkaje? Bado ana usingizi?"

Mama hakucheka. Hakunigombeza pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimgeuza kanga akatazama ukuta, akaacha kumwagilia maua. Nikawa napitia mlango wa nyuma kwa aibu.

Nikaanza kuitoa lami. Kisu kikabandua udongo pamoja nayo, nikaacha haraka. Mafuta ya taa ndiyo balaa kabisa: lami iliyeyuka, udongo ukainywa, weusi ukashuka hadi mgongoni. Dah, hapo nilijua nimemharibia mama moja kwa moja.

Nikamtia kanga kwenye gunia, nikaenda kwa mama Zuhura, mwenye mashine ya alizeti. Mafuta mengi ya pale kijijini yalitoka kwake, nikaona huenda anajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebeba nini humo, kuku wa wizi?"

Nikamwonyesha. Akaguna.

"Mafuta ya taa yanaisukuma lami ndani. Wewe unataka kitu cha kuivuta nje. Utingo wa malori wakichafuka lami nawapa mashudu ya moto wajisugue. Chukua haya, na uache papara."

Mashudu ni makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, bado yana mafuta mafuta. Nikayakandika shingoni yakiwa ya moto, nikafunga kitambaa, nikamweka juani. Jioni nafungua, meusi tii. Nikaweka mengine.

Siku ya tatu kichwa kikaachia chenyewe, nikajaza mashudu hadi ndani ya shingo. Siku ya tisa mashudu yalitoka yakiwa karibu na rangi yake ya kawaida. Nikaosha kwa majivu na maji ya uvuguvugu kutoa mafuta.

Ndipo nikachungulia ndani ya shingo.

Kulikuwa na alama za vidole. Bibi alipoiunga ile shingo aliukandamiza udongo kwa ndani, na alama zikachomwa hivyo hivyo. Miaka yote hakuna aliyewahi kuziona, na mimi nilikuwa nimezijaza lami.

Nikampelekea mama jikoni. Akaingiza kidole polepole kwenye alama mojawapo, kikakaa. Machozi yakamtoka.

"Huu mkono wa mama," akasema. "Mwanangu, usigundishe tena hapa."

Kichwa tukakishikiza kwa kijiti tu. Weusi wa mgongoni haukutoka wote, ila kanga alirudi kutazama barabara, na maua yakapata maji.

Hadi leo mgeni akija, mama anachomoa kichwa na kumwambia aingize kidole amsalimie bibi.

Nilichojifunza: nilipovunja nilikimbilia kufunika, kumbe nilitakiwa nimwambie mama siku ile ile.

Na wewe umewahi kuunga nini kikawa kibaya kuliko kilivyovunjika? Weka comment. Mama yuko hapa bustanini na namsomea moja moja, kwa hiyo anzeni na shikamoo.